Nitapimaje uaminifu wa hifadhi ya kidijitali ya chuo kikuu ninapotumia tasnifu zake kama ushahidi?

MtafitiArdhi ameuliza:

Wanajukwaa wenzangu, habari za kazi.

Ninaandika tasnifu ya uzamivu kuhusu historia ya umiliki wa ardhi vijijini, na sehemu kubwa ya ushahidi wangu inatoka katika tasnifu za uzamili na uzamivu za miaka ya 1970 na 1980 ambazo hazikuwahi kuchapishwa kama vitabu. Zamani mtu alilazimika kufunga safari hadi maktaba ya chuo husika na kuomba ruhusa ya kuingia kwenye makusanyo maalumu. Siku hizi kazi nyingi za aina hiyo zimeskaniwa na kuwekwa katika hifadhi za kidijitali za vyuo vya Tanzania, Kenya na Uganda, na bila hifadhi hizo utafiti wangu usingewezekana kwa uwezo nilio nao.

Tatizo lilijitokeza nilipowasilisha sura ya pili. Msimamizi wangu alijaribu kufungua viungo vya rejea zangu, na baadhi havikufunguka ingawa vilikuwa vikifanya kazi nilipovinakili. Kiungo kimoja kilimpeleka kwenye tasnifu ya mtu mwingine kabisa, inayohusu uuguzi. Katika hifadhi ya chuo kingine tasnifu moja imewekwa mara mbili, nakala ya kwanza ikiwa na kurasa 214 na ya pili kurasa 221, bila maelezo yoyote ya tofauti hiyo. Akaniuliza ninajuaje kwamba nilichokisoma ndicho mwandishi alichokiwasilisha, na msomaji wangu atakipata wapi baada ya miaka kumi.

Naomba mnisaidie kwa vigezo ambavyo mtafiti wa kawaida, asiye mkutubi wala mtaalamu wa kompyuta, anaweza kuvitumia. Je, inatosha kwamba anwani inaishia na ac.tz au ac.ke? Je, kuna ithibati inayotolewa kwa hifadhi za namna hii, na kama ipo, ina uzito gani?

MkutubiDijitali amejibu:

Ndugu MtafitiArdhi, msimamizi wako ameuliza maswali mawili kwa pamoja, na ni vyema tukayatenganisha, kwa sababu hifadhi inaweza kufaulu moja na kufeli jingine. La kwanza linahusu uhalisi: je, faili hii ni kazi ileile iliyokabidhiwa, bila kupungua wala kubadilika? La pili linahusu uendelevu: je, itaendelea kupatikana na kusomeka watu waliopo leo watakapokuwa wamestaafu na mitambo ya leo itakapokuwa imetupwa? Anwani inayoishia na ac.tz inakuambia tu nani mwenye tovuti. Haijibu lolote kati ya hayo mawili.

Ithibati zipo, nazo zina historia yake. Mwaka 2002 mashirika mawili ya maktaba ya Marekani, RLG na OCLC, yalitoa ripoti iliyoeleza sifa za hifadhi ya kidijitali inayoaminika. Mwaka 2003 mfano wa OAIS, unaoeleza namna hifadhi ya muda mrefu inavyopaswa kufanya kazi na uliobuniwa na wataalamu wa data za anga za juu, ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 14721. Ukafuata mwongozo wa kukagua hifadhi uitwao TRAC, wa mwaka 2007 na wenye vigezo 84, ambao ndio uliozaa kiwango cha ISO 16363 mwaka 2012, chenye vigezo zaidi ya 100. Ukaguzi wa ISO ni mzito na wa gharama, hivyo waliopitia ni wachache mno. Ofisi ya Machapisho ya Serikali ya Marekani ilipata ithibati hiyo mwaka 2018. Njia nyepesi zaidi ni CoreTrustSeal, iliyoanza mwaka 2017. Hifadhi hujitathmini kwa masharti 16, wataalamu wa nje huipitia tathmini hiyo, kisha hutangazwa hadharani ili yeyote aisome, na ithibati hudumu kwa miaka mitatu.

Ninakusihi uangalie jinsi miongozo hii ilivyopangwa, maana hapo ndipo lilipo somo kubwa. Yote huanza na taasisi: mamlaka, bajeti, watumishi, sera na mpango wa nani atarithi makusanyo endapo mwenyewe atashindwa. Mitambo huja mwisho. HathiTrust, hifadhi kubwa inayoendeshwa na Chuo Kikuu cha Michigan pamoja na vyuo washirika, ilipokaguliwa mwaka 2011 ilipata alama 4 kati ya 5 kwa teknolojia na usalama, alama 3 kwa usimamizi wa faili zenyewe, na alama 2 tu kwa upande wa taasisi. Kama hifadhi yenye nguvu kiasi hicho ilionekana dhaifu zaidi upande wa utawala na fedha, basi sisi tunapaswa kuuchunguza upande huo kwa makini zaidi, kwa kuwa hifadhi zetu nyingi zilianza kama miradi ya wafadhili. Fedha za mradi zikiisha, mara nyingi huondoka pia yule mtu mmoja aliyejua namna mtambo ulivyosukwa.

Hifadhi nyingi za vyuo vikuu duniani, zikiwamo za vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani, hazina ithibati yoyote kati ya hizo, kwa hiyo usiikatae hifadhi kwa kukosa muhuri. Yachukue maswali ya miongozo hiyo na uyaulize mwenyewe. Mimi huanza na sera: je, ipo hadharani, imepitishwa na seneti ya chuo, inataja ni kitengo gani kinachowajibika, na inasema tasnifu zitatunzwa kwa muda gani? Kisha hutazama namna wanavyoondoa kazi. Tasnifu inaweza kuondolewa kwa sababu halali kabisa, kwa mfano wizi wa kitaaluma uliothibitika au majina ya wahojiwa yaliyofichuliwa bila ridhaa yao. Hifadhi makini haifuti alama zote. Huacha ukurasa wenye jina la kazi, mwandishi, tarehe ya kuondolewa na sababu yake, ili aliyeinukuu jana asionekane mwongo leo. Pale ambapo kazi hutoweka kimyakimya, hata zile zilizobaki sizitegemei kwa moyo mmoja.

FundiSeva amejibu:

Niongezee kwa upande wa mitambo, kwa sababu kile kiungo kilichofungua tasnifu ya uuguzi kinaeleza mengi.

Hifadhi nyingi za vyuo vyetu zinaendeshwa kwa DSpace, programu huria iliyotolewa mwaka 2002 na chuo cha MIT kwa kushirikiana na kampuni ya Hewlett-Packard. Kila kazi inapoingizwa, DSpace huipa kitambulisho chenye sehemu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/): kwanza namba ya taasisi, kisha namba ya kazi yenyewe. Namba ya taasisi inapaswa kusajiliwa katika mfumo wa kimataifa uitwao Handle, ili kitambulisho kiendelee kumfikisha msomaji kwenye kazi hata chuo kikibadilisha anwani ya tovuti yake. Chuo Kikuu cha Nairobi kina 11295, Makerere ina 10570, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina 11427. Lakini DSpace inaposakinishwa huja na namba ya mfano, 123456789, ambayo msimamizi anatakiwa kuibadilisha baada ya kusajili ya kwake. Wengi hawaibadilishi.

Fungua ukurasa wa tasnifu yoyote na utazame mstari unaokuelekeza namna ya kuinukuu. Ukiona hdl.handle.net ikifuatiwa na 123456789, kinachoonekana kama kiungo cha kudumu hakijasajiliwa popote, na ukikibofya utaambiwa hakipatikani. Zaidi ya hapo, kwa kuwa hifadhi nyingi zimebaki na namba hiyohiyo, kitambulisho 123456789/4512 kinaweza kuwa cha kilimo katika chuo kimoja na cha sheria katika chuo kingine. Seva ikiharibika na hifadhi ikajengwa upya bila hifadhidata ya zamani, hesabu huanza tena mwanzo, na namba iliyokuwa ya tasnifu ya ardhi hupewa tasnifu ya uuguzi. Sioni maelezo mengine yanayolingana vizuri zaidi na kilichomkuta msimamizi wako. Jaribio lenyewe ni jepesi: nakili kitambulisho, kifungue kupitia hdl.handle.net badala ya tovuti ya chuo, na uone kama kinakufikisha.

Jambo la pili ni namba ya uhakiki. Faili inapoingizwa, DSpace huikokotolea mfuatano wa herufi na tarakimu 32 kwa njia ya MD5, unaotokana na yaliyomo ndani ya faili hiyo. Ikibadilika hata nukta moja, ukikokotoa tena unapata mfuatano tofauti kabisa. DSpace inayo programu ya kurudia hesabu hiyo na kulinganisha, lakini haijiendeshi yenyewe hadi msimamizi aipangie ratiba. Kwa hiyo swali la kumwandikia msimamizi wa hifadhi ni hili: je, uhakiki huo hufanywa, mara ya mwisho ulifanywa lini, na faili ikionekana kuharibika inarejeshwa kutoka wapi? Atakayekujibu kwa tarehe na kwa mahali anastahili imani kubwa zaidi kuliko atakayekuambia kwamba kila kitu kiko salama. Ni vyema pia kujua kwamba MD5 inatosha kugundua faili iliyooza diskini, ila haimzuii mtu mwenye nia mbaya, kwa kuwa tangu mwaka 2004 ilithibitishwa kwamba inawezekana kutengeneza faili mbili tofauti zenye namba moja. Kwa hilo hutumika SHA-256, njia imara zaidi ya kukokotoa namba ya uhakiki.

Tatu, kuwa na nakala rudufu si sawa na kuhifadhi. Mnamo Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza takribani terabaiti 77, yaani faili kama milioni 34, katika mfumo wa kutunzia data wa kompyuta yake kuu. Chanzo kilikuwa ndani ya kazi yenyewe ya kutengeneza nakala rudufu: programu iliyotakiwa kufuta kumbukumbu za utendaji zilizopitwa na wakati ilibadilishwa kwa kasoro, ikafuta faili za watafiti, na data za makundi manne hazikuweza kurejeshwa. Hiyo haikuwa hifadhi ya tasnifu, lakini hatari ni ileile kwa chuo chochote ambacho nakala zake zote zinasimamiwa na mtambo mmoja na mikono ileile. Ulizia kama ipo nakala katika jengo jingine, ikiwezekana mji mwingine, na kama wamewahi kujaribu kuirejesha.

Mwisho, tazama toleo la programu. Huduma za usalama kwa matoleo ya 5 na 6 ya DSpace zilikoma mwaka 2023. Hifadhi inayoendelea kutumia toleo la 5 inaweza kuwa na kazi nzuri sana ndani yake, ila mlango wake hauna tena fundi wa kuutengeneza.

MwalimuWaHistoria amejibu:

Nimewasoma wenzangu kwa makini na sina ubishi na waliyoyaandika, ila nahofia mwuliza swali ataondoka akiamini kwamba hifadhi ikipita majaribio hayo kazi imekwisha. Namba ya uhakiki inathibitisha kwamba faili haijabadilika tangu ilipoingizwa. Haisemi chochote kuhusu kilichotokea kati ya kitabu kilichojaladiwa na mashine ya kuskani, na kwa tasnifu za miaka ya 1970 madhara mengi hutokea hapo.

Tasnifu za wakati ule zilipigwa taipu, na mara nyingi kilichobaki maktabani ni nakala ya karatasi ya kaboni yenye herufi zilizofifia. Ramani zilikunjwa na kuwekwa kwenye mfuko wa jalada la nyuma. Mfanyakazi anayeskani marundo ya vitabu kwa siku hukunjua ramani mara chache, na kurasa mbili zilizoshikana hupita kama ukurasa mmoja. Kwa mtu anayeandika kuhusu ardhi, ramani za mipaka ya vijiji ndizo uti wa mgongo wa ushahidi. Kwa hiyo, kabla ya kunukuu, linganisha yaliyomo na orodha za majedwali na ramani mwanzoni mwa kazi na kile kilichomo kweli ndani ya faili, ukurasa kwa ukurasa. Jihadhari pia na maandishi yanayotambuliwa na kompyuta chini ya picha ya ukurasa, kwani 3 ya taipu iliyochakaa husomwa kama 8 bila onyo lolote. Takwimu za ekari na za kaya zisome kwa macho kwenye picha, usizinakili na kuzibandika.

Halafu kuna tarehe. Fungua rekodi kamili ya kazi, ambayo kwa kawaida imefichwa nyuma ya kiungo kidogo chini ya ukurasa, nawe utaona tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuingizwa kwenye mfumo. Nimekutana na tasnifu iliyokamilishwa mwaka 1978 ambayo rekodi yake ilionyesha kwamba ilitolewa mwaka 2013, kwa sababu aliyeiingiza aliandika mwaka wa kuskani mahali palipotakiwa kuandikwa mwaka wa tasnifu. Injini za utafutaji hubeba tarehe hiyo kama ilivyo. Fikiria athari yake kwenye mada yako: kazi iliyoandikwa mara tu baada ya uhamishaji wa watu kwenda vijiji vya ujamaa wa mwaka 1973 hadi 1976 inasomwa kana kwamba mwandishi alikuwa akitazama hali iliyoletwa na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999. Hoja nzima inapinduka, ilhali faili yenyewe ni halisi kabisa na namba yake ya uhakiki haina kasoro.

Kuhusu kurasa 214 na 221, yapo maelezo mawili yanayowezekana zaidi: ama nakala moja ni ile iliyokwenda kwa watahini na nyingine ni iliyosahihishwa baada ya utetezi, au moja iliskaniwa vibaya na wakairudia bila kuiondoa ya kwanza. Tazama ukurasa wa uthibitisho wenye saini ya msimamizi, tarehe zake, na kama orodha ya yaliyomo inatofautiana. Kisha iandikie maktaba, uwape namba ya rafu ya nakala iliyojaladiwa, na uwaombe wakuthibitishie idadi ya kurasa zake. Kwa uzoefu wangu wakutubi hujibu maombi ya namna hii kwa moyo mkunjufu, kwa sababu ni nadra mtu kuwauliza.

MsomajiNairobi amejibu:

Naomba kuchangia mambo mawili mafupi.

La kwanza ni kuhusu orodha na madaraja. Watu hutaja kwamba hifadhi fulani imo katika OpenDOAR, au imeshika nafasi ya juu katika upangaji wa Webometrics, kana kwamba hiyo ni ithibati. OpenDOAR ni sajili: inaonyesha kwamba hifadhi ipo na ina maudhui ya kitaaluma. Upangaji wa Webometrics huhesabu kazi zinazoonekana katika Google Scholar. Vyote vina manufaa yake, lakini hakuna hata kimoja kinachopima kama faili itakuwepo kesho, na kwa maoni yangu mbio za kupanda madaraja zimewafanya baadhi ya wasimamizi kuingiza kazi kwa wingi pasipo kukagua rekodi zake.

La pili ni kuhusu nakala nyingi. Maktaba ya Uingereza iliposhambuliwa na wahalifu wa mtandao Oktoba 2023, huduma yake ya tasnifu, EThOS, ilizimika kwa muda mrefu, na tasnifu nyingi kuhusu Afrika Mashariki zilizoandikwa katika vyuo vya Uingereza hazikuweza kufikiwa kupitia njia hiyo. Walioweza kuendelea na kazi ni wale ambao tasnifu walizozihitaji zilikuwa pia katika hifadhi za vyuo vilivyozitoa, ambazo zilibaki wazi. Chuo Kikuu cha Stanford kilianzisha mradi wa LOCKSS mwaka 1999 kwa msingi huohuo: maktaba kadhaa hutunza nakala za kazi ileile, mitambo yao ikawa inalinganisha nakala hizo na kurekebishana pale moja inapoharibika. Hivyo ninapoipima hifadhi huuliza pia kama kuna taasisi nyingine inayoshika nakala za kazi zake. Vyuo vyetu vina miungano ya maktaba katika kila nchi, na sioni kwa nini Dar es Salaam isitunze nakala za Nairobi, na Nairobi za Kampala.

MtafitiArdhi ameandika:

Shikamoo Mwalimu, na ninawashukuru nyote kwa dhati. Nimekwisha kujaribu lile la Handle, na viungo vyote vilivyokataa kufunguka vina 123456789. Nimeiandikia pia maktaba kuhusu zile nakala mbili na nimewapa namba ya rafu.

Naomba kuuliza jambo moja la mwisho. Tasnifu hizo zisizo na kitambulisho kinachofanya kazi siwezi kuziacha, kwa kuwa kwa baadhi ya wilaya ndizo kazi pekee nilizozipata. Nizinukuu vipi ili msomaji asipotee?

MkutubiDijitali amejibu:

Inukuu tasnifu yenyewe kwanza, kama ungeinukuu ikiwa mezani: mwandishi, mwaka wa tasnifu kama ulivyo kwenye ukurasa wa jina, chuo, shahada, na namba ya rafu ya nakala iliyojaladiwa. Namba ya rafu ndiyo itakayomfikisha msomaji hata hifadhi ikijengwa upya mara tatu. Baada ya hapo weka anwani ya hifadhi na tarehe uliyoisoma, na kama ukurasa wake umenakiliwa na Wayback Machine, huduma ya mtandaoni inayotunza nakala za kurasa za tovuti, ongeza anwani ya nakala hiyo. Kama haujanakiliwa, unaweza kuomba unakiliwe wewe mwenyewe papo hapo, mradi kazi iko wazi kwa umma. Faili uliyoipakua itunze pamoja na data zako za utafiti, uikokotolee SHA-256, na uiandike namba hiyo katika kiambatisho pamoja na idadi ya kurasa, ili atakayepata faili nyingine yenye jina hilohilo ajue kama ndiyo uliyoisoma. Usiipandishe faili hiyo kwenye mtandao kwa jina lako bila ridhaa ya chuo au mwandishi, kwani haki ya kuisambaza ni yao.

Na kwa kila hifadhi uliyokuta ina 123456789, mwandikie msimamizi wake barua pepe fupi yenye mifano miwili ya viungo visivyofunguka, nakala kwa mkurugenzi wa maktaba. Namba ya Handle husajiliwa kwa ada ndogo ya kila mwaka, na viungo vya zamani vinaweza kuelekezwa upya kabla havijapotea vyote. Kilichokosekana katika vyuo vingi ni mtu wa kumwonyesha mkurugenzi kwamba kuna mtafiti aliyekwama, na sasa yupo.

MwalimuWaHistoria amejibu:

Marahaba. Maktaba wakikujibu kuhusu zile kurasa 214 na 221, tuandikie hapa ni ipi iliyolingana na nakala yenye jalada, kwa maana tasnifu hiyo itakuwa imekwisha kunukuliwa na wengine kabla yako.